Kabla ya kununua gari la dizeli, pima kwanza safari zako za kila siku

MNUNUZI anayezuru yadi za magari kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, au zile za Mombasa, hukabiliwa na swali ambalo miaka ishirini iliyopita halikuwasumbua wengi: achukue gari la petroli au la dizeli?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Dizeli ilikuwa mafuta ya malori, mabasi, matatu na matrekta. Wenye magari madogo ya dizeli walikuwapo, hasa waliomiliki Peugeot 504 na baadaye Toyota Corolla zenye injini ya 2C, lakini walihesabiwa kuwa watu wa subira. Magari hayo yalinguruma kama kinu cha posho na kupanda mlima kwa mwendo wa kobe, huku yakiacha wingu jeusi nyuma yake.

Mambo yamegeuka. Gari la dizeli la kisasa huondoka kwa kishindo, ndani yake kumetulia, na mshale wa mafuta hushuka polepole mno. Wachuuzi wa magari wanajua sifa hizo na huzitangaza kwa ufasaha. Madai yao yana ukweli. Ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki humfikia mnunuzi miezi kadhaa baadaye kwa njia ya bili ya fundi, wakati mkopo wa chama cha ushirika haujalipwa hata robo.

Swali la kuuliza, basi, si gari lipi ni bora. Ni hili: gari litaendeshwa vipi kuanzia Jumatatu hadi Jumapili?

Nguvu ya dizeli inatoka wapi

Tofauti kuu kati ya injini hizi mbili ni namna mafuta yanavyowashwa. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta hushindiliwa kwa kiasi, kisha cheche ya plagi huuwasha. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa peke yake huvutwa ndani ya silinda na kushindiliwa hadi inakuwa moto mkali, kisha mafuta hupulizwa humo na kuwaka yenyewe. Mhandisi wa Kijerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka wa 1893, na injini yake iliyofanya kazi barabara ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka wa 1897. Kufikia 1936 kampuni ya Mercedes-Benz ilikuwa imeonyesha 260 D, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria ya dizeli kutengenezwa kwa wingi.

Kushindiliwa huko kwa hewa ndiko chimbuko la sifa zote za dizeli. Injini ya kawaida ya petroli huibana hewa mara 10 hivi. Ya dizeli huibana mara 14, na zile za zamani hata zaidi ya mara 20. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo sehemu kubwa ya joto la mafuta inavyogeuzwa kuwa mwendo badala ya kupotelea kwenye bomba la moshi. Aidha, lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli, na hubeba nishati zaidi kwa kama asilimia 10 au zaidi kidogo.

Tofauti hiyo huhisiwa na dereva kabla ya kufika kituo cha mafuta. Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, iliyoingia sokoni Japani mwaka wa 2012, hutoa nguvu ya msokoto ya nyutonimita 420, ilhali ile ya petroli ya lita 2.5 hutoa 250. Nguvu hiyo ndiyo inayosukuma gari kutoka lilipo. Anayepanda miteremko ya Mai Mahiu kurejea Nairobi akiwa na abiria wanne na mizigo ataona gari la dizeli likipanda bila kulazimika kuikemea injini, wakati mwenzake wa petroli anabadilisha gia kila baada ya kona.

Iko faida nyingine ambayo wachuuzi huisahau. Injini ya petroli hupoteza nishati nyingi inapofanya kazi kidogo, kwa sababu njia ya hewa huwa imefungwa nusu. Dizeli haizuiwi hewa hivyo, kwa hiyo hutumia mafuta machache sana gari likiwa limesimama kwenye foleni. Kwa hesabu ya mafuta pekee, msongamano wa Nairobi ni rafiki wa dizeli. Neno hilo litarejelewa hapa chini, maana msongamano huo huo ndio adui mkubwa wa sehemu nyingine ya gari.

Mbona dizeli ndogo ni adimu

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia Kenya yakiwa yametumika hutoka Japani, nchi ambayo watu wake huendesha upande wa kushoto kama sisi. Kwa hiyo Mkenya hununua kile ambacho Mjapani alikipenda miaka saba au minane iliyotangulia, kwani kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Na Wajapani kwa muda mrefu waliichukia dizeli. Mwaka wa 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni kali dhidi ya magari hayo, akawatikisia wanahabari chupa ya plastiki iliyojaa masizi ili waone kile wakazi wa jiji walichokuwa wakivuta. Kuanzia Oktoba 2003, malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza masharti ya moshi yalipigwa marufuku Tokyo na katika mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa. Marufuku hiyo haikuyahusu magari ya kibinafsi, lakini jina la dizeli lilikuwa limekwisha kuchafuka. Hata Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli nchini humo mwaka wa 2007, na haikuirejesha hadi Juni 2015.

Ulaya ilichukua njia tofauti kabisa. Huko ushuru uliipendelea dizeli, na kufikia mwanzo wa miaka ya 2010 zaidi ya nusu ya magari mapya ya abiria yaliyouzwa Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli. Kisha Septemba 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari takriban milioni 11 duniani. Tangu hapo soko la dizeli Ulaya limekuwa likiporomoka.

Ni Mazda iliyoirudisha dizeli katika maegesho ya familia za kawaida nchini Japani, kwanza kwa CX-5, kisha kwa Demio ndogo ya lita 1.5 iliyotoka 2014 na kutwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo. Ndiyo maana mnunuzi wa Kenya anayetafuta gari dogo la dizeli leo hukutana na Mazda kwanza, halafu magari ya Kijerumani yaliyouzwa Japani kama BMW 320d, na mwisho Prado kwa wenye mifuko mirefu. Huyu wa Prado akumbuke kwamba kiwango cha juu cha ushuru wa bidhaa huanzia injini inayozidi sentimita za ujazo 2,500 kwa dizeli, bali kwa petroli huanzia 3,000. Injini ya dizeli ya lita 2.8 imo ndani ya kundi hilo. Ya petroli ya lita 2.7 haimo. CX-5 ya dizeli, yenye sentimita za ujazo 2,188, huepuka mtego huo.

Hesabu ya mfuko

Bei za mafuta nchini zimekuwa zikidhibitiwa tangu Desemba 2010, na hutangazwa kila mwezi. Kwa kawaida dizeli huwa chini ya petroli, ingawa pengo hilo hupanuka na kusinyaa. Mnamo Oktoba 2023, bei zilipopanda mno, lita ya petroli jijini Nairobi iliuzwa Sh217.36 na dizeli Sh205.47. Julai 2025 petroli ilikuwa Sh186.31 na dizeli Sh171.58.

Chukulia magari mawili yanayofanana, moja la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita na la pili la dizeli linalokwenda kilomita 14. Kwa bei hizo za Julai 2025, mtu anayesafiri kilomita 15,000 kwa mwaka angetumia takriban Sh279,000 kwa petroli na Sh184,000 kwa dizeli. Ameokoa kama Sh95,000. Iwapo gari la dizeli lilimgharimu Sh300,000 zaidi wakati wa kununua, atazirudisha baada ya miaka mitatu na kidogo.

Lakini mwalimu anayeishi Buruburu na kufundisha Donholm, ambaye gari lake halizidi kilomita 6,000 kwa mwaka, angeokoa Sh38,000 tu. Itamchukua karibu miaka minane kurejesha tofauti ile ya bei, na hapo hajanunua kipuri hata kimoja. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara anayekwenda Nakuru na kurudi mara mbili kwa wiki hupita kilomita 30,000 kwa mwaka bila shida. Huyo atakuwa amelipa deni lake kabla ya mwaka wa pili kuisha. Tarakimu za bei zitabadilika kila mwezi, lakini namna ya kukokotoa ni ile ile, na kila mnunuzi anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi kabla ya kumpigia mchuuzi simu.

Kichujio kisichopenda safari fupi

Vipuri ndivyo vinavyoharibu hesabu nyingi. Injini za dizeli za kale zilidumu kwa sababu zilikuwa nzito na rahisi. Fundi wa kijijini aliweza kuzifungua kwa spana chache. Za leo zimebeba turbo, pampu inayosukuma mafuta kwa mgandamizo unaopita mara 1,500 ule wa hewa ya kawaida, injekta zenye vitundu vyembamba kuliko unywele, vali ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu, na kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi.

Kichujio hicho ndicho kiini cha malalamiko mengi. Kazi yake ni kunasa masizi ili yasitoke nje. Kikijaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo ili moshi upate joto la takriban nyuzi 600, na masizi yale yakateketea na kuwa majivu machache. Ili kazi hiyo ikamilike, gari linahitaji kwenda mfululizo kwa muda wa dakika 15 au 20, injini ikiwa moto, kwa mwendo wa barabara kuu.

Sasa fikiria gari linalotoka South B saa kumi na mbili asubuhi, likajikokota hadi katikati ya jiji kwa saa nzima, likazimwa, na jioni likarudi vivyo hivyo. Masizi hukusanyika kila siku na hayapati nafasi ya kuchomeka. Kompyuta hujaribu, dereva anazima gari kabla kazi haijaisha, kompyuta inajaribu tena kesho yake. Taa huwaka kwenye dashibodi. Mwenye gari huipuuza, kwa vile gari bado linakwenda. Hatimaye kompyuta hupunguza nguvu ya injini ili kuilinda, na gari lililosifiwa kwa kasi hupitwa na tuktuk.

Kila jaribio lisilokamilika lina madhara mengine yasiyoonekana. Mafuta yale ya ziada huteremka kandokando ya pistoni na kuchanganyika na oili ya injini. Kwa hiyo oili, badala ya kupungua, huongezeka na kuwa nyepesi, na uwezo wake wa kulinda vyuma hudhoofika. Dereva wa petroli huchomoa kijiti cha kupimia oili akihofia kwamba imepungua. Wa dizeli anapaswa kuhofia pia ikiwa imepanda.

Si haki kumlaumu dereva kwa kila hitilafu. Novemba 2018 Mazda ilitangaza kuyaita karakanani magari takriban 640,000 ya dizeli duniani kwa sababu ya springi za vali ambazo zingeweza kuruhusu masizi kujaa ndani ya injini. Nchini Australia, Mahakama ya Shirikisho iliamua Aprili 2022 kwamba mfumo wa kichujio katika magari 264,170 ya Toyota aina za Hilux, Fortuner na Prado yaliyouzwa kati ya 2015 na 2020 ulikuwa na kasoro. Ajabu ni kwamba kasoro hiyo ilijitokeza kwa wale walioendesha mfululizo kwa kilomita 100 kwa saa, ule mwendo unaoaminika kuwa dawa ya kichujio. Mwenye kununua gari la miaka hiyo anafaa kuuliza kama lilirekebishwa.

Wapo mafundi ambao tiba yao ni kukata kichujio, kukitoa matumbo na kuidanganya kompyuta kwamba kingalipo. Gari hupata nguvu mara moja na mteja hurudi nyumbani akishukuru. Kinachotoka nyuma ya gari, hata hivyo, ni masizi ambayo Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza Juni 2012 kuwa moshi wake husababisha saratani kwa binadamu. Wanaoyavuta ni watoto wanaotembea kwenda shule na wauza mboga kando ya barabara, si mwenye gari aliyefunga madirisha. Tena kichujio kikiwa kimejaa masizi tu, kinaweza kusafishwa na fundi mwenye mtambo wa kazi hiyo, kwa gharama iliyo ndogo sana kuliko kununua kipya.

Mafuta yenyewe

Dizeli ya kisasa haina simile kwa mafuta machafu. Hadi mwaka wa 2013 kiwanda cha Changamwe kilikuwa kikisafisha mafuta ghafi na kutoa dizeli yenye salfa nyingi. Kiwanda hicho kilipoacha kazi hiyo, nchi ilianza kutegemea mafuta yaliyosafishwa ng'ambo, na Januari 2015 Kenya pamoja na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakashusha salfa hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa Ulaya ilikuwa imeshuka hadi 10 tangu 2009.

Tatizo sugu zaidi lilikuwa ulaghai. Kwa kuwa mafuta taa yalikuwa bei nafuu, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli. Ndipo Serikali, mnamo Septemba 2018, ikatoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Lori kuukuu laweza kustahimili mchanganyiko wa aina hiyo. Pampu ya gari la kisasa haiwezi, kwa sababu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta taa hayana ulaini wa kutosha. Vyuma husagana, vumbi lake huingia katika injekta, na zote nne huhitaji kubadilishwa pamoja na pampu. Mwenye gari la dizeli hufanya vyema kuzoea kituo kimoja au viwili vyenye wateja wengi, na kutunza risiti.

Petroli ikitiwa kimakosa katika tangi la dizeli, hasara ni ile ile, tena ya haraka. Dereva akigundua kosa hilo akiwa bado kituoni, asiwashe injini hata kwa sekunde moja. Gari lisukumwe kando na tangi limwagwe.

Kulikagua gari lililotumika

Anayeona kwamba safari zake zinaifaa dizeli alikague gari injini ikiwa baridi, ikiwezekana asubuhi na mapema. Likisumbua kuwaka, huenda plagi za kupasha joto au injekta zimechoka. Moshi mweusi usiokoma ni dalili ya mafuta yasiyoungua vizuri. Wa samawati ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ya turbo. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto waweza kuwa maji yanayopenya ndani ya silinda.

Kisha apanguse ndani ya mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa cheupe. Gari lenye kichujio kizima huacha doa hafifu sana. Kitambaa kikirudi cheusi tititi, kichujio kimeng'olewa au kimepasuka, na bei inapasa kushushwa kwa kiasi cha kurejesha kingine. Achomoe kijiti cha oili na kukinusa kama kina harufu ya dizeli. Aulize oili iliyotumika ni ya aina gani, kwa kuwa magari yenye kichujio huhitaji oili isiyoacha majivu mengi. Kwa dizeli za Mazda kutoka Japani mkebe huwa umeandikwa DL-1. Muuzaji asiyejua jibu la swali hilo huenda hakuwahi kulijali gari.

Mwisho alipeleke kwa fundi mwenye kompyuta ya kusoma gari la aina hiyo hasa, si kile kifaa kidogo cha kusoma taa za dashibodi. Kompyuta hiyo huonyesha uzito wa masizi yaliyomo kwenye kichujio, kilomita zilizopita tangu yalipochomwa mara ya mwisho, na namna kila injekta inavyofanya kazi. Ikiwa masizi huchomwa kila baada ya kilomita chache mno, kichujio kinaelekea mwisho wake, hata kama gari linang'aa kama lililotoka kiwandani jana.